Mtani Aliyenikana Mahakamani

Bwana asifiwe! Jamani, mbona mnaitika kwa sauti ya wagonjwa? Mimi niliyetoka mahabusu ndiye nina sauti kuliko ninyi mliolala vitandani kwenu? Bwana asifiwe tena! Haya, hapo nimewasikia.

Mchungaji, shikamoo. Wazee wa kanisa, shikamooni. Akina mama wa kwaya, niliwakumbuka sana, ingawa nimeambiwa sauti ya pili mliiharibu nilipokuwa sipo. Nimepewa muda mfupi, lakini Mungu hakunitendea mambo mafupi, kwa hiyo mtanivumilia.

Wengi mnanijua. Kwa wageni, mimi naitwa Mama Tabitha. Nakaa mtaa wa Kasingirima, nauza dagaa sokoni Ujiji, mume wangu alishatangulia, na nina watoto watatu. Nilizaliwa kijijini kule Kasulu, nikaletwa hapa nikiwa msichana mdogo kulelewa na shangazi yangu, naye sasa ni marehemu. Mimi ni Muha, baba yangu Muha, babu yangu Muha. Na jambo la mwisho la kunihusu ni kwamba naongea sana. Msicheke. Mdomo huu ulikaribia kunimaliza, nanyi mtaona.

Ndugu zangu, mnajua wenyewe miaka hii ilivyo. Ng'ambo ya mpaka, kwa Warundi, bunduki zinalia. Watu wanateremka milimani na magodoro kichwani, wanafika Kagunga, ufukweni mwa ziwa mpakani, wamechoka, wanalala kwenye mchanga pale pale tunapoanika dagaa. Sisi wafanyabiashara tunaoenda kununua dagaa huko tunarudi bandarini Kibirizi boti moja na wao. Boti ni ile ile, jua ni lile lile, na ukitutazama usoni hutajua nani ametoka wapi.

Siku ile nilirudi na magunia yangu. Pembeni yangu aliketi mama mmoja wa Kirundi, mgonjwa, anatapika tangu tulipoondoka, na mtoto mchanga mikononi. Tulipofika Kibirizi hakuweza hata kusimama. Nikafanya nini? Nikamchukua yule mtoto, nikambeba mgongoni kwa khanga yangu, nikamshika mama mkono, nikashuka naye majini huku namtuliza kwa Kiha, maana Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Kosa langu ndilo hilo, wapendwa. Na leo mkinirudisha kwenye boti ile nitambeba tena.

Maofisa walikuwa wamepanga mstari ufukweni. Mmoja akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kasingirima. Akacheka. "Kasingirima gani, na mtoto mgongoni na Kirundi mdomoni?" Nikamwambia hicho si Kirundi, ni Kiha. Akasema kwake yeye vyote ni kimoja. Kijana wa watu ametoka mikoa ya mbali, Kiha atakijulia wapi? Mtoto akarudishwa kwa mama yake, wakapakiwa kwenye lori la kambini, na mimi nikaambiwa nipande gari jingine, kwa sababu eti mimi ni mkimbizi niliyetoroka kambi na kujifanya mwenyeji.

Sikuogopa, nawaambia kweli. Nilikasirika. Nikasema, nipelekeni kwa mjumbe wangu wa nyumba kumi! Miaka hii nani kwetu ana kitambulisho? Mtu anajulikana na mjumbe wake. Na mjumbe wangu ni Mzee Sadiki. Nyumba yake na yangu tunatenganishwa na ukuta wa matete. Chumvi yangu ikiisha naenda kwa mkewe, Bi Mwajuma, na chumvi yake ikiisha anakuja kwangu. Nikajisemea, Mzee Sadiki atafungua kinywa mara moja, nami nitawahi kuanika dagaa wangu kabla jua halijazama.

Gari likasimama mbele ya nyumba yake. Wanangu walikuwa shule. Majirani waliposikia gari walifunga milango, kila mmoja akawa na kazi ya ndani. Mzee Sadiki akatoka barazani. Ofisa akamwuliza, "Mzee, huyu unamjua?"

Mzee akanitazama. Akalitazama gari. Akanitazama tena.

"Simjui," akasema.

Mama yangu wee! Ndugu zangu, jogoo hakuwika kwa sababu ulikuwa mchana, lakini mimi nilimsikia. Nilimwita, "Mzee Sadiki! Mzee!" Akaingia ndani akavuta pazia. Baadaye nilielewa. Mjumbe wa mtaa wa pili alikuwa amechukuliwa karibuni kwa kosa la kuficha watu wa ng'ambo, na wajumbe wote walikuwa wameonywa. Mzee aliona gari lile akaona zamu yake imefika. Lakini siku ile sikuelewa kitu. Nililia njia nzima mpaka sauti ikakauka.

Mashtaka yalikuwa kwamba nipo nchini bila kibali. Nikishindwa, nafungwa, na nikimaliza kifungo narudishwa, eti kwetu. Kurudishwa! Anarudishwaje mtu ambaye hajawahi kutoka? Nilijiona nimeshushwa mpakani, nyuma yangu mtutu, mbele yangu vita, simjui hata mtu mmoja, na wanangu watatu wamebaki Ujiji wanajiita yatima. Hilo ndilo lililokuwa mezani. Si dagaa. Dagaa walishaoza Kibirizi na wala sikuwaulizia.

Watu wakaniambia, tafuta wakili. Wakili! Mawakili wa mji huu unaweza kuwahesabu ukiwa umesinzia, na hata mmoja akikubali, mjane wa dagaa atamlipa nini, harufu? Kwa hiyo nilisimama mwenyewe. Mimi na Mungu wangu, na khanga ile ile niliyombebea mtoto.

Siku ya kwanza mahakamani hakimu aliniuliza kama nina wadhamini. Nikageuka nikatazama mabenchi. Nikawaona baadhi yenu. Ndiyo, nawatazama hata sasa. Niliona mama mmoja wa kwaya anainama kufunga kamba za viatu, na mguuni alikuwa na malapa! Mchungaji, ulikuja dirishani mahabusu ukaniombea, Mungu akubariki, na maombi yale niliyahitaji. Lakini alipohitajika mtu wa kusimama na kusema huyu ni wetu, benchi lote lilikuwa linatazama sakafu. Sitaji majina. Nimeshasamehe. Lakini ushuhuda nusu si ushuhuda, na mimi sijui kupika nusu chungu.

Nikarudi mahabusu bila dhamana.

Kesi ilipoanza kusikilizwa, shahidi wa kwanza alikuwa yule ofisa wa Kibirizi. Akaeleza vizuri, kwa utaratibu: boti ilitoka Kagunga, ilijaa wakimbizi, mshitakiwa alikuwa na mtoto mgongoni, anazungumza lugha yao, hana karatasi yoyote, na mjumbe wa mtaa aliotaja alimkana. Hakimu, mtu wa makamo aliyeletwa kutoka pwani, mwenye sauti ya taratibu, akanigeukia akasema, "Mshitakiwa, una maswali kwa shahidi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo Mama Tabitha alipoharibu. Ninyi mnanijua. Mimi nikipewa nafasi ya kusimama mbele za watu najua kitu kimoja tu, ushuhuda. Nikasimama. Nikainua mkono. Nikasema, "Bwana asifiwe!"

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Karani akaangusha kalamu. Mimi nikadhani wameitikia, nikaendelea! Nikaanza na kuzaliwa kwangu Kasulu, nikapita kwa shangazi, nikafika kwa wana wa Israeli kule Misri, jinsi walivyokuwa wageni na Mungu akawatoa. Hakimu akasema, "Mama, hilo ni swali?" Nikasema ni maelezo, mheshimiwa. Akasema, "Maelezo zamu yake itafika. Sasa hivi unatakiwa kumwuliza shahidi." Nikasema nimeelewa. Nikamgeukia yeye mwenyewe hakimu nikamwuliza kama anajua jinsi Danieli alivyotoka kwenye tundu la simba. Akasema, "Mimi si shahidi, mama." Nikarudi kwa wana wa Israeli.

Mwishowe akainua mkono, akamwambia karani aandike kwamba mshitakiwa hana swali. Basi. Maneno yote yale, jasho lote lile, na kwenye faili likaingia jambo moja tu, kwamba sina swali! Yule ofisa akatoka kizimbani, na ushahidi wake hauna hata ufa mmoja. Kesi ikaahirishwa, na mwendesha mashtaka akasema shahidi wake anayefuata ni mjumbe.

Wapendwa, nililia kilio cha mtu aliyejikata mwenyewe kwa kisu chake. Mle mahabusu tulikuwa wanawake wengi, na kati yao Warundi wa kweli walioshikwa nje ya kambi wakitafuta kibarua au kuni. Nililala mkeka mmoja na wawili wao. Nilianza kuomba kama kawaida yangu, kwa sauti na kwa maneno mengi, mpaka mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, Imana si kiziwi." Imana ndilo jina la Mungu kwao. Nikanyamaza kwa hasira. Lakini ndani ya ile hasira ndipo Bwana alipopata nafasi ya kusema, maana siku zote nilikuwa simpi.

Nilianza kukumbuka Maandiko. Adamu alipokosa, Mungu alimhubiria? Hakumhubiria! Alimwuliza, "Uko wapi?" Kaini alipomwua nduguye, Mungu alimweleza kisa chote? Hapana. Alimwuliza, "Yuko wapi ndugu yako?" Na Petro, aliyekana, aliyeapa kwamba hamjui, Bwana alipomkuta ufukweni hakumsomea mashtaka. Alimwuliza, "Wanipenda?" Jamani! Mungu anayejua kila kitu ndiye anayeuliza swali fupi kuliko wote, akanyamaza, akamwacha mtu ajikute mwenyewe. Na mimi nisiyejua kitu ndiye nahubiri mpaka karani anaangusha kalamu!

Nilicheka peke yangu pale gizani. Nikasema, Bwana, nifunge huu mdomo. Nipe swali.

Kabla ya siku ya kesi, binti yangu Tabitha aliruhusiwa kuniletea uji. Nikamwuliza wanakula wapi, wanalala wapi. Akasema, "Kwa Bi Mwajuma, mama. Tangu siku ile." Nikamwuliza, na Mzee je? Akasema Mzee ndiye anamshika mkono mwanangu mdogo kumpeleka shule kila asubuhi. Ndugu zangu, nilitaka kuurusha ule uji ukutani! Mtu ananikana mbele ya serikali, halafu anamfunga mwanangu vifungo vya shati? Kwanza nilimchukia zaidi. Halafu nikanywa ule uji, nikatambua kwa ladha ya tangawizi kwamba Bi Mwajuma ndiye aliyeupika, na ile chuki ikakosa pa kukaa.

Siku ikafika. Mzee Sadiki akapanda kizimbani na kanzu yake nyeupe, juu yake koti kuukuu la kahawia, kofia kichwani. Akaapa kwa dini yake. Hakunitazama. Mwendesha mashtaka akamwuliza kama ananijua. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba hanijui, mara ya kwanza kuniona ni siku nilipoletwa na gari. Mwendesha mashtaka akaketi, ameridhika.

Hakimu akavua miwani, akanitazama kama mtu anayejiandaa kwa maumivu ya kichwa. "Mshitakiwa, una swali? Nimesema swali, mama."

Nikasimama.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba," akajibu, kabla hajajizuia.

"Mzee, jana usiku wanangu walilala nyumba ya nani?"

Akamtazama mwendesha mashtaka. Hakimu akamwambia ajibu. "Nyumbani kwangu," akasema. Watu wakanong'ona. Nikaona mlango umefunguka! Lakini mwendesha mashtaka akainuka akamwuliza kwa nini, na Mzee akajibu, "Mtoto ni mtoto, mheshimiwa. Hata wa mkimbizi, ukimkuta na njaa utamlisha." Na ni kweli, wapendwa. Ningesema nini? Ni jibu ambalo hata mimi ningelitoa. Ule mlango ukafungwa usoni pangu.

Nikaishiwa. Nikasikia mdomo unaanza wenyewe, unataka kusema "ndugu zangu." Nikaung'ata ulimi mpaka nikaonja chumvi. Nikasema moyoni, Bwana, swali. Si hotuba. Swali.

Nikainua macho nikaliona lile koti.

Sasa kwa ninyi mliotoka mbali, niwaeleze. Mzee Sadiki ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja huku na kazi ya reli, na ukoo mzima ukabaki Ujiji. Sisi Waha na wao ni watani. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua chakula jikoni kwako na humshitaki. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kufanya vituko msibani ili waliolia wapate kucheka kidogo. Haitumwi barua ya kumwalika. Anajua mwenyewe, kwa sababu ameishi na ninyi.

Baba yake Mzee Sadiki alipofariki, mimi ndiye nilikuwa mtani wa karibu pale mtaani. Kumbukeni, wakati huo mkimbizi wa miaka hii hata mmoja alikuwa hajavuka. Nilivaa koti la marehemu. Nikavaa kofia yake, nikashika bakora yake, nikatembea barazani nachechemea kama alivyokuwa anachechemea, nikiwakemea wajukuu kwa sauti yake. Halafu wanaume walipoinua jeneza, nikajilaza mlangoni, nikasema huyu mzee hatoki humu mpaka alipe jogoo wangu aliyemla tangu enzi za mkoloni!

Na koti lenyewe ndilo lile, liko kizimbani, linanitazama.

"Mzee," nikasema, "hilo koti ulilovaa ni la nani?"

"La marehemu baba yangu."

"Siku ya kumzika, kabla jeneza halijatoka, alilivaa nani?"

Hapo nikanyamaza. Ndugu zangu, hamjui nilivyoteseka kunyamaza! Maneno yalinijaa mpaka mashavuni. Lakini nilinyamaza.

Mzee akabana midomo. Akatazama dari. Mabega yakaanza kutikisika. Akajaribu kukohoa, ikashindikana. Mtani akichokozwa atajizuia vipi? Kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, akanisonta kwa kidole mbele ya hakimu na serikali yote.

"Huyu Muha!" akasema. "Mheshimiwa, huyu Muha hana adabu hata chembe! Alilala mlangoni! Maiti ya baba yangu iko mabegani mwa watu, na yeye amelala mlangoni anadai jogoo!"

Mahakama ikalipuka. Askari wa mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta. Hata hakimu aliinama, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Na katikati ya kicheko kile, nilimwona Mzee Sadiki kicheko kinamgeukia. Akavua kofia akafunika uso nayo, akalia kama mtoto, mtu mzima yule, mjumbe wa watu.

Hakimu akasubiri. Kisha akamwuliza taratibu, "Mzee, baba yako alifariki lini?"

"Zamani, mheshimiwa. Kabla ya vita hivi. Kabla hata hema moja la kambi halijasimamishwa huku kwetu."

"Na huyu mama unamjua, humjui?"

"Namjua," akasema Mzee Sadiki. "Namjua, mheshimiwa. Namjua tangu hajaolewa. Niliogopa. Nilimwona mwenzangu anapakiwa kwenye gari, nikaogopa."

Halleluya! Mnasikia? Namjua! Neno dogo kama lile, na mimi nilisikia minyororo inaanguka!

Mwendesha mashtaka akasimama akasema utani si ushahidi. Hakimu akamwuliza kama ana shahidi mwingine anayeweza kusema mshitakiwa aliingia nchini lini na kwa njia gani. Hakuwa naye. Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Halafu akamtazama Mzee kwa jicho kali, akamwambia kwamba kuapa kisha kusema uongo ni kosa la kupeleka mtu jela, na yeye kama mjumbe alipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Nikanyoosha mkono. Hakimu akasema, "Una swali, mama?" Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa. Huyu ni mtani wangu. Naomba kuuliza, adhabu yake haiwezi kuachiwa mimi?"

Akacheka waziwazi safari hii. Akamkanya Mzee kwa maneno mazito, akamwambia ashuke kizimbani akamshukuru Mungu wake. Kisha akanigeukia akasema mahakama inaniachia huru, niende nyumbani kwa watoto wangu.

Niende nyumbani! Ndugu zangu, nyumbani ni neno gani hili! Sikuweza kusema hata Bwana asifiwe. Mimi! Sauti ilikataa kabisa, nikabaki natikisa kichwa na machozi yananichirizika mpaka shingoni.

Nje Mzee Sadiki alikuwa amesimama karibu na ukuta, ameinamisha kichwa. Watu walituzunguka, wanasubiri kuona nitamfanya nini. Na mimi nilikuwa na maneno, msifikiri nilikuwa mtakatifu. Lakini watani hawawekeani kinyongo. Hiyo ni sheria ya zamani kuliko mahakama ile. Nikamsogelea nikamwambia, "Mnyamwezi, faini. Jogoo wawili. Mmoja wa kunikana, mwingine ni yule wa baba yako, hajalipwa mpaka leo."

Akainua uso. "Muha," akasema, "hata ukitolewa kaburini utaulizia kitoweo." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia mpaka tulipofika Kasingirima. Wanangu walinirukia wote kwa pamoja tukaanguka chini, tukalala pale vumbini tunacheka. Bi Mwajuma alikuwa amesonga ugali. Usiku ule nililala kitandani kwangu na watoto watatu juu yangu, mguu wa mmoja shingoni, na sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule tangu nizaliwe.

Sasa, wapendwa, nafunga. Mchungaji ameanza kutazama saa, nimemwona.

Wako watu humu ndani leo mmesimama peke yenu mbele ya jambo kubwa. Huna wa kukusemea. Waliokujua wamevuta mapazia. Nakuambia, usikimbie, na wala usijaze hewa kwa maneno. Mwambie Mungu akupe moja tu la kusema, ulichukue, ulitamke, unyamaze. Yeye atalimalizia. Nimemwona kwa macho yangu, akitumia hata msiba, hata koti kuukuu, hata kicheko cha mzee aliyeogopa. Mtumaini!

Na ninyi mliotazama sakafu, msitoke nje, nawapenda. Kule mahabusu nimewaacha wanawake wawili niliolala nao mkeka mmoja. Mimi nilitoka kwa sababu nilikuwa na mtu aliyeishi nami. Wao hawana mtani huku, hawana mjumbe, hawana hata wa kuwakana. Alhamisi ninawapelekea uji, na ninataka watu wa kwenda nami, mkawajue majina, mkawajue watoto wao, mkae nao. Maana siku moja gari litasimama mbele ya nyumba yako, ofisa atakuuliza, "Huyu unamjua?" Na watu husema siku ya hukumu Yesu atakuwa wakili wetu. Ni kweli, Ameni. Lakini mimi, ninavyojua sasa, simwombi anitetee kwa maneno mengi. Namwomba aulizwe kuhusu mimi swali lile lile fupi, anitazame, na aseme: "Namjua."